Stesheni Tunayo, Treni ya Asubuhi Ndiyo Hatuna

Naandika kutoka Ndalambo, wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe. Niko nyumbani kwa likizo fupi. Mtandao huku unapatikana vizuri ukisimama nyuma ya ghala la mahindi, kwa hiyo mkiona sentensi imekatika mjue kuna mtu amekuja kuchota mahindi nikampisha.

Ukiwa mwandishi wa gazeti ukarudi kijijini, unageuka kuwa Serikali. Kila swali ni lako. Juzi baba mdogo alinihoji kuhusu TAZARA, maana amesikia redioni kwamba Wachina wanarudi. Nikampa habari nzima kama nilivyozoea kuiandika: Septemba 2024 makubaliano yalitiwa saini Beijing mbele ya marais Samia, Hichilema na Xi Jinping, mwaka 2025 ukafuata mkataba wa miaka 30 na kampuni ya CCECC ya China, uwekezaji wa dola za Marekani bilioni 1.4. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha. Halafu akauliza, "Sasa mwanangu, hiyo treni itanifikisha Vwawa saa mbili asubuhi?"

Nimelifikiria sana swali hilo. Katika yote tunayoandika kuhusu reli hii, tunahesabu tani za shaba, injini, mabehewa na mabilioni. Mtu anayetaka kufika ofisi ya mkoa asubuhi na kurudi kwake jioni hatumhesabu. Na mimi nadhani huyo ndiye angepaswa kuwa ukurasa wa mbele.

Hoja yangu ni fupi. Tunduma, Vwawa na Mlowo zina bahati ambayo miji mingi ya Bongo inaililia: reli inapita, na stesheni zipo. Kinachokosekana ni treni ya asubuhi na ya jioni kwa mtu wa kawaida, ile ambayo Dar waliiita treni ya mjini. Wakati wa kuidai ni sasa, reli ikiwa inafumuliwa. Tukisubiri ratiba ijae mizigo, tutaambiwa nafasi hakuna.

Wengi wetu tukisikia stesheni tunafikiria jengo. Paa kubwa, saa ukutani, dirisha la tiketi, mabenchi. Hebu tuiangalie Dar es Salaam kidogo, maana somo lipo kule.

Tarehe 29 Oktoba 2012 Dar ilipata treni zake za mjini, mbili kwa mpigo. Moja ilikuwa ya TAZARA, ikitoka stesheni kubwa ya TAZARA pale makutano ya barabara za Nyerere na Mandela kwenda Mwakanga, ikipita Yombo. Nyingine ya Kampuni ya Reli, TRL, ikitoka Stesheni ya katikati ya jiji kupitia Kamata, Buguruni, Tabata na Mabibo mpaka Ubungo Maziwa. Waziri wa Uchukuzi alikuwa Dk. Harrison Mwakyembe, mtu wa huku kwetu Nyanda za Juu, mbunge wa Kyela, na watu hawakupoteza muda: zikaitwa treni ya Mwakyembe. Januari 2015 alihamishiwa wizara nyingine, jina likabaki. Nikiliangalia jina hilo naona sifa na tatizo kwa pamoja. Huduma ikiitwa kwa jina la waziri, maana yake watu wanajua ni nani aliyeisukuma, lakini pia wanahisi kwamba asipokuwepo wa kusukuma inaweza kusimama.

Kwa nini mbili, na kwa nini hazikuungana? Hapa kuna jambo ambalo hata wakazi wa Dar wengi hawalijui. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. TAZARA ina milimita 1,067, upana uleule wa Zambia na nchi za kusini. Tofauti ni milimita 67, haizidi upana wa kiganja, lakini inatosha kufanya behewa la huku lisikanyage kule. Kwa hiyo jiji moja likawa na treni mbili za mjini zisizoweza kubadilishana hata gurudumu, na abiria wa Yombo mwenye shughuli Posta akishuka TAZARA bado alikuwa na daladala ya kugombania.

Ubungo Maziwa ndiyo stesheni ninayoijua kwa miguu yangu. Nilipokuwa chuo pale Mlimani, kipindi cha mafunzo kwa vitendo nilipanga Mabibo, na asubuhi nilikuwa napanda treni kwenda mjini. Jina la Maziwa limetoka kwenye kiwanda cha maziwa kilichokuwa pale Ubungo, na reli yenyewe ilikuwa tawi la kuhudumia viwanda vya eneo lile, siyo watu. Vituo vingi vya njia ile havikuwa na jukwaa. Unasimama kwenye kokoto, treni inafika, unapanda ngazi ndefu ya behewa kama unapanda dari, mama mwenye ndoo anasukumwa kwa nyuma na vijana asiowajua. Ukilinganisha na vituo vya mwendokasi vilivyoanza kazi mwaka 2016 katika barabara ya Morogoro, ambako sakafu ya kituo iko sawa na mlango wa basi, utaona treni ilimwachia abiria kazi kubwa.

Pamoja na hayo, watu walijaa. Na ukitaka kujua kwa nini, usiangalie kokoto, angalia saa. Treni ilikuwa inatembea asubuhi na jioni, saa zilezile ambazo barabara inakuwa imekufa. Watu walijua muda wake hata bila saa ya mkononi. Ukisikia honi ukiwa bado unapiga mswaki ulikuwa unajua umechelewa kwa dakika ngapi. Nauli ilianzia shilingi 400 na 500 kwa mtu mzima, mwanafunzi 100, na huyo mwanafunzi alipanda bila kutukanwa na konda. Waliosoma Dar wanajua uzito wa hilo. Kusimama kituoni na sare ya shule, daladala tatu zinakupita kwa sababu nusu nauli haina faida... Treni haikuchagua sura.

Kwa hiyo pale Ubungo Maziwa palikuwa na stesheni isiyo na jengo, na ilifanya kazi. Sasa njooni kwetu.

Tunduma ina jengo. Ilijengwa kwa sababu nzito kabisa: mwaka 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa kizungu Rhodesia, na shaba ya Zambia iliyokuwa inapita kusini ikakosa njia ya kuaminika ya kwenda baharini. Nchi za Magharibi zilisema reli ya kwenda Dar hailipi. China ikakubali, makubaliano yakasainiwa Beijing Septemba 1967, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na Agosti 1973 vyuma vikafika hapa mpakani. Reli nzima, kilometa 1,860 mpaka New Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Kilometa 975 ziko upande wetu, na Tunduma ndiyo stesheni ya mwisho kabla ya kuingia Nakonde. Wapo Wachina waliokufa kwenye kazi hiyo, wamezikwa Gongo la Mboto, na wapo Watanzania na Wazambia waliokufa pia, ambao wengi wao makaburi yao hatuyajui. Naheshimu sana historia hiyo.

Lakini tuseme ukweli, ni stesheni ya safari ndefu. Ilipangwa kwa ajili ya mtu mwenye mabegi, magunia na watoto, atakayekaa saa nyingi akisubiri treni ya kwenda Dar au Kapiri, treni ambayo kwa miaka mingi ilikuwa inapita mara mbili kwa wiki ikijaliwa. Abiria wa namna hiyo anaaga nyumbani, anasindikizwa, anafungiwa chapati. Abiria wa kila siku haagi mtu. Anataka dirisha la tiketi lisilo na foleni, taa njiani kwa sababu anatoka gizani, bodaboda za kutosha anaposhuka, na juu ya yote anataka kujua kwamba kesho treni itakuwepo saa ileile. Hilo la mwisho ndilo gumu, na halihitaji saruji.

Halafu kuna kituko cha hapa kwetu ambacho wapanga ratiba itabidi wakizoee. Ukivuka Nakonde, saa inarudi nyuma lizima. Saa mbili asubuhi Tunduma ni saa moja Nakonde. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, harusi na misiba hawajali pasipoti, na kila siku utasikia mtu akiuliza, "Saa ya wapi?" Treni ya kila siku ingelazimika kujibu swali hilo kwa herufi kubwa ukutani.

Kwa nini tunaihitaji? Songwe ilipokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakawekwa Vwawa. Biashara ikabaki Tunduma. Sensa ya 2012 iliikuta Tunduma na watu wasiofika laki moja, ya 2022 ikaikuta imepita laki mbili. Soko la mazao liko Mlowo. Hospitali kubwa ya rufaa, vyuo na uwanja wa ndege wa Songwe viko upande wa Mbeya. Maisha ya mtu mmoja yamegawanywa kwenye mji minne iliyopangana kwenye mstari mmoja, na mstari huo una barabara moja, ileile inayobeba malori ya Zambia na Kongo. Foleni ya malori ikifunga Tunduma, inafunga kila kitu: mgonjwa, mwanafunzi, maharage, maiti.

Na kuna jambo ambalo sipendi kuliandika lakini ni kazi yangu. Nimeripoti ajali za barabara hii mpaka naweza kuandika aya ya kwanza kabla sijafika eneo la tukio. Lori, breki, mteremko, Noah. Ukitaja Senjele au mlima Iwambi mbele ya dereva wa huku hatakuuliza unamaanisha nini. Tunabadilisha tarehe na idadi, mhariri anapunguza maneno, kesho tunaendelea. Waliokuwemo kwenye ile Noah mara nyingi si wasafiri wa mbali. Ni mwalimu, ni mama wa nyanya, ni kijana anayewahi usaili Vwawa. Reli iko hapo pembeni, chuma kitupu, siku nzima.

Najua nitaambiwa barabara inapanuliwa. Kweli, kipande cha Nsalaga hadi Ifisi pale Mbeya, kilometa 29, kimepangiwa njia nne, na mpango mzima unataka kufika Tunduma. Safi sana. Lakini njia nne hazimwondoi abiria kwenye mteremko mmoja na lori la tani 30. Zinampa tu nafasi ya kulikwepa.

Nitaambiwa pia kwamba TAZARA ni reli ya mizigo na haya mambo ya treni ya mjini ni ya Dar. TAZARA yenyewe inajua kazi hii kuliko wengi. Mbali na ile ya Mwakanga, ilikuwa na treni ya Udzungwa, wananchi wakaiita Kipisi, iliyokuwa ikitembea kati ya Kidatu na Makambako na kusimama vituo ambavyo ukivitaja Dar wanadhani umetunga. Watu wa bonde la Kilombero walikuwa wanapeleka mchele na ndizi kwa Kipisi kwa sababu masika barabara zao zilikuwa hazipitiki. Kwa hiyo kipande kifupi kinawezekana kwenye reli ndefu. Sisi tunaomba kipisi cha Mbeya na Tunduma, kama kilometa 100 hivi, basi.

Angalieni na majirani. Novemba 2012, wiki chache baada ya Dar, Rais Mwai Kibaki alifungua stesheni ya Syokimau nje ya Nairobi, ikaelezwa kuwa stesheni mpya ya kwanza kujengwa Kenya tangu uhuru. Syokimau ilikuwa na kitu ambacho sisi hatukukifikiria: maegesho. Mtu anaendesha gari lake mpaka stesheni, analiacha, anapanda treni kwenda mjini, jioni analikuta. Walielewa kwamba safari ya abiria inaanzia mlangoni kwake. Zikajengwa na stesheni nyingine njiani, Imara Daima na Makadara. Reli ya SGR ilipokuja mwaka 2017 na stesheni yake kuu ya Nairobi ikawekwa hukohuko Syokimau, mbali na katikati ya jiji, ile treni ndogo ndiyo iliyobeba abiria wa Mombasa kuwafikisha mjini. Mwaka 2020 Kenya ikaingiza treni zilizotumika Hispania, zile zenye injini ndani ya mabehewa, ambazo dereva akifika mwisho wa njia anahamia upande wa pili na kuondoka. Hakuna kuhangaika kuzungusha kichwa cha treni. Mitumba, ndiyo. Mimi sioni aibu ya mtumba unaotembea.

Hata SGR yetu imegusa jambo hili kidogo. Ilipoanza safari za Morogoro tarehe 14 Juni 2024, nauli ya Dar hadi Pugu ilipangwa shilingi 1,000. Pugu ni pembezoni mwa jiji kabisa. Stesheni nzuri, nauli ya kueleweka, lakini treni zenyewe ratiba yake imefuata safari ya Morogoro na Dodoma, na anayewahi kazini Kariakoo anajipanga kwa kufuata msafiri wa mbali. Ndiyo ninachokihofia kwetu.

Sasa jambo la kiufundi, nivumilieni, mimi si mhandisi ila nimekaa na wanaojua. TAZARA ni njia moja. Treni mbili zinazokutana uso kwa uso zinapishana stesheni tu, pale reli inapogawanyika ili moja ipishe. Ndiyo maana kukawa na vituo vidogo porini ambako hapashuki mtu. Kazi yake kubwa ilikuwa kupishanisha treni. Mizigo ikiongezeka, na hiyo ndiyo nia ya kuwekeza dola bilioni 1.4, kila nafasi ya kupishana inakuwa mali. Treni ya abiria ambayo haikuhesabiwa mwanzoni itakuwa ndiyo inayosubirishwa pembeni dakika arobaini ili behewa za shaba zipite. Na treni ya kwenda kazini ikichelewa dakika arobaini mara tatu, abiria wanarudi kwenye Noah na hawarudi tena. Ndiyo sababu nasema sasa. Nafasi ya asubuhi na ya jioni iandikwe kwenye ratiba kabla mizigo haijafika.

Wenye Noah na Coaster wasinune. Mmoja wao ni shemeji yangu na najua atasoma hapa. Treni haiji Ndalambo. Reli haipiti Ndalambo, Msangano wala Kamsamba, na Ileje nayo iko mbali nayo. Watu wote hao watahitaji gari la kuwafikisha stesheni Tunduma, na barabara ya lami ya Sumbawanga tunayo tayari. Safari fupi nyingi zinamlipa dereva bila kumlaza kwenye foleni ya malori. Shemeji, piga hesabu ya mafuta kwanza ndipo unipigie simu.

Ninachoona kinatosha kwa kuanzia ni kidogo sana. Treni moja itoke Tunduma saa 12 asubuhi, ipite Vwawa na Mlowo, ifike Mbeya watu wakiwa bado na siku mbele yao. Irudi jioni. Kwa kuwa stesheni ya TAZARA Mbeya iko nje kidogo ya katikati ya mji, iwepo daladala inayoisubiri treni badala ya treni kuisubiri daladala. Vituo viwe na jukwaa la kimo cha mlango, hata la mbao, maana mama mjamzito hapandi ngazi ya behewa kwenye kokoto. Na choo. Jamani, choo.

Kisha ardhi. Tunduma ardhi haikai wazi. Leo ni kichaka, kesho ni yadi ya malori. Halmashauri zetu zingetenga sasa maeneo ya kando ya stesheni kwa ajili ya stendi, soko dogo na njia ya waenda kwa miguu, kabla hayajagawanywa viwanja. Hilo halihitaji Beijing wala Lusaka, linahitaji kikao cha madiwani na ramani.

Likizo inaisha Jumapili. Jumatatu nitalipeleka swali la treni ya asubuhi kwa barua, TAZARA na wizarani, lenye mistari miwili tu: je, kipande cha Mbeya na Tunduma kitakuwa na treni ya abiria ya kila siku, na itaondoka saa ngapi? Saa ya Tanzania.